Mtoto Aliyebaki Nyumbani: Juu ya Maana ya Neno "Wote"

Mnamo Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini Musoma, kando ya Ziwa Viktoria, ikatoa tamko lililokuja kujulikana kwa jina la Azimio la Musoma. Miongoni mwa yaliyoamuliwa, moja lilikuwa zito kuliko mfuko wa nchi iliyoliamua: kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa Tanzania Bara aliyefikia umri wa kusoma awe na nafasi katika shule ya msingi. Mipango ya awali ilikuwa imeiweka siku hiyo mwaka 1989. Chama kikaisogeza karibu kwa miaka 12, na mpango ukapewa jina lisilo na mafumbo: Elimu ya Msingi kwa Wote.

Visiwani habari ilikuwa imetangulia. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo. Kwa hiyo pande zote mbili za Muungano, kila upande kwa wakati wake na kwa njia yake, zilikwisha kulitamka neno lile lile.

"Wote" ni neno dogo, na katika Kiswahili halina mlango wa pembeni. Mwenye shughuli akisema kwamba wageni wote wamekula, kisha akaonekana mgeni mmoja amekaa barazani na njaa yake, msemaji hakukosea kidogo. Kauli yake nzima imeanguka. Haimfai kujibu kwamba walio wengi wameshiba, wala kwamba mgeni yule hakubisha hodi kwa sauti ya kutosha. "Wote" si jina jingine la "wengi". Ndipo linapozuka swali la maadili ambalo hesabu za uandikishaji haziwezi kulijibu: taifa lililosema "wote" lilimkusudia nani, na linawiwa nini na yule aliyebaki barazani?

Swali hili haliwezi kupimwa vyema katika kumbi za mikutano. Hupimwa kijijini. Atokaye Musoma kwa barabara kuu ya Mwanza, akafika Bunda na kuelekea upande wa mashariki, ataingia katika nchi ya wakulima na wafugaji, nchi ya pamba, mtama, mihogo na ng'ombe, ambamo imo kata ya Mugeta. Njia za huko ni vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Butiama, alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, imo katika mkoa huo huo wa Mara. Mwalimu mwenyewe hakuanza kusoma hata ilipofika mwaka 1934, alipokuwa na umri wa miaka 12, akapelekwa shule ya Mwisenge mjini Musoma. Alikuwa mtoto wa chifu, mzima wa viungo, na bado nusura shule impite. Yumkini mtu aliyeingia kwa mlango uliokuwa karibu kufungwa ndiye anayejua vyema thamani ya kuufungua.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ililitia Azimio meno. Mtoto wa miaka saba hadi 13 alipaswa kuandikishwa na kuhudhuria, na mzazi aliyemzuia alikuwa na kosa. Kwa mtoto mzima sheria hiyo ilikuwa na mkono mrefu. Na wafikiriwe sasa watoto watatu, wa kubuni lakini wa kawaida, katika kijiji chochote cha Mugeta. Wa kwanza miguu yake haimchukui. Wa pili amezaliwa na ualbino. Ngozi yake haivumilii jua na macho yake hayaoni mbali. Wa tatu hasikii. Aliyemficha mtoto mzima ili akachunge ng'ombe angeweza kuitwa mbele ya wakubwa wa kijiji akajieleza. Aliyewaacha nyumbani watoto hawa watatu aghalabu hakuulizwa neno. Kutoulizwa huko ndiko kunakostahili kuchunguzwa, maana kulikuwa hukumu iliyotolewa pasipo hakimu: kwamba sheria inaposema "kila mtoto", hawa hawamo.

Isisahauliwe kwamba si kila mzazi aliyemficha mtoto alimchukia. Wengine waliona haya mbele ya majirani. Wengine waliamini kwamba nyumba imepatwa na laana. Wengine walimhurumia mno hata wakamnyima dunia ili dunia isimuumize. Na kwa mtoto wa pili ilifika miaka ambayo kumficha ndiko kulikokuwa kumpenda. Katika miaka ya mwisho ya muongo wa kwanza wa karne hii, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino waliwindwa na kuuawa kwa ajili ya viungo vyao, vilivyouzwa kwa imani ya kishirikina ya kuleta utajiri. Mama aliyemfungia mwanawe ndani wakati huo hana la kulaumiwa. Lawama ni ya jamii iliyoufanya mlango uliofungwa kuwa salama kuliko darasa.

Mwaka 1974 watoto hao watatu wangeitwa kiwete, zeruzeru na kiziwi. Leo huitwa watoto wenye ulemavu, na anayesema "kilema" hadharani husahihishwa. Wako waliodai kwamba lugha yenyewe iliwatupa watu hawa katika ngeli ya vitu, pamoja na kiti na kikapu. Dai hilo lina ukweli nusu. Kiongozi, kijana na kinyozi nao wamo katika ngeli hiyo hiyo, wala hakuna anayewalilia. Tena sarufi haikubali dharau iende mbali: hakuna asemaye "kiziwi kimefika", husemwa "kiziwi amefika", na wakiwa wengi "viziwi wamefika". Jina limekaa na vitu, lakini kitenzi kinamtambua mtu. Viziwi wenyewe, walipounda chama chao, walikiita Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, wakalichukua jina lile walilokuwa wakiitwa wakalifanya lao.

Waswahili husema: ukipenda, chongo huita kengeza. Methali hiyo hufundisha kwamba mapenzi hulainisha majina, na ni jambo jema. Walakini iko hatari ya upande wa pili. Jina laini huweza kutolewa badala ya kitu, kama mdeni anayemkaribisha mdai wake kwa maneno matamu ili asiulizwe deni. Elimu hii imekwisha kuitwa maalumu, ikaitwa mseto, na sasa Bara huitwa jumuishi na Visiwani huitwa mjumuisho. Kila jina lilikuja na nia njema na kila moja lina maana yake. Lakini mtoto wa Mugeta asiyeweza kuuvuka mtaro ulio mbele ya darasa hajui kama yeye ni wa mseto au ni wa jumuishi. Anajua tu kwamba wenzake wameingia.

Kabla ya kuhukumu, ni haki kusimulia safari ilikotoka. Watoto wenye ulemavu wa Tanganyika hawakufunguliwa shule kwanza na dola. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa mwaka 1950 na Kanisa la Anglikana. Shule ya viziwi ya Tabora ilianzishwa mwaka 1963 na Kanisa Katoliki. Watu wa dini walikwenda pale ambapo serikali ya kikoloni haikuona faida na serikali changa ya uhuru haikuwa na uwezo. Baadaye vilifunguliwa vitengo ndani ya shule za kawaida, na shule ya Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam ikapokea wasioona pamoja na waonao. Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kikawa mahali pa kuwaandaa walimu wa elimu hiyo. Na ile Mwisenge ya Musoma aliyosoma Mwalimu ikaja kuwa na kitengo cha watoto wasioona.

Yote hayo yalikuwa mazuri, na msingi wake mkubwa ulikuwa huruma. Huruma haifai kudharauliwa. Bila yake watoto wengi wasingejua hata herufi moja. Lakini huruma ina kasoro moja isiyoweza kutibiwa kwa kuizidisha. Mwenye kuhurumiwa hupokea, na mwenye kupokea hana pa kushtaki akinyimwa. Mfadhili akichoka, hakuna aliyedhulumiwa. Kuna bahati mbaya tu. Haki ndiyo inayobadilisha hali hiyo. Aliyenyimwa haki yake ana mdeni, na mdeni huyo ana jina.

Kwa kipimo hicho hatua zilizopigwa si ndogo. Mwaka 1994 wawakilishi wa serikali 92 walikutana Salamanca, Hispania, wakakubaliana kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wa hali zote. Mwaka 2001 ada ya shule za msingi Tanzania Bara ilifutwa. Zanzibar ilianza majaribio ya elimu mjumuisho katika shule zake mwaka 2004, na mwaka 2006 ikatunga sheria yake ya haki za watu wenye ulemavu. Mwaka huo wa 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na Tanzania ikauridhia mwaka 2009. Mwaka 2010 Bunge lilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, namba 9 ya mwaka huo. Hata katika siasa yalionekana mabadiliko yenye kufundisha: mwaka 2008 Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwanamke mwenye ualbino, kuwa mbunge, mwaka 2010 wapiga kura wa Lindi Mjini wakamchagua wenyewe Salum Barwany, naye mwenye ualbino. Wa kwanza aliletwa kwa hisani ya Rais, wa pili kwa karatasi za kura. Katika miaka miwili ilionekana njia nzima inayotoka kwenye huruma kuelekea kwenye haki.

Walakini sheria huandikwa Dodoma na darasa liko Mugeta. Hapo ndipo panapotokea pingamizi ambalo si haki kulipuuza, kwa kuwa mara nyingi hutolewa na watu wema. Mwalimu ana watoto 80 katika chumba kimoja. Madawati hayatoshi, vitabu havitoshi, na yeye mwenyewe hatoshi. Akimpa mtoto mmoja dakika kumi za peke yake, amewanyang'anya 79 dakika hizo. Je, si dhuluma kuwanyima wengi kwa ajili ya mmoja? Kamba hukatikia pabovu, watasema. Na kamba fupi haivutwi pande zote.

Mwaka 1979 Amartya Sen, mwanauchumi kutoka India, alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, akauliza swali fupi: usawa wa kitu gani? Alionyesha kwamba wanaopima wema kwa jumla ya furaha inayopatikana hufika mahali pa ajabu. Mtu mwenye ulemavu, ambaye kwa fedha zile zile hupata raha ndogo kuliko mwenzake mzima, katika hesabu yao atapewa kidogo zaidi, kwa kuwa hazai faida. Yaani anapunjwa mara mbili, kwanza na maumbile na kisha na hesabu. Wala wanaowapa watu wote kiasi kile kile hawatoki katika tanzi hilo, kwani kiasi kile kile kwa watu wasiolingana hakizai hali ile ile. Baiskeli moja moja kwa kila mtoto wa kijiji ni usawa usio na walakini, mpaka afikiriwe yule ambaye miguu yake haimchukui.

Hesabu hiyo si ya wanafalsafa peke yao. Mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, shule za Tanzania Bara zilianza kupangwa kwa daraja na kwa rangi kulingana na ufaulu wa mitihani. Nia ilikuwa kuamsha uwajibikaji. Lakini shule inayopimwa kwa wastani hujifunza kumtazama mtoto mzito wa kuelewa, au asiyesikia, au anayehitaji karatasi ya maandishi makubwa, kama mzigo unaoshusha wastani. Hakuna mwalimu aliyeagizwa kumfukuza. Hesabu yenyewe ilitosha kumnong'oneza kwamba mtoto huyo angekuwa nafuu zaidi mahali pengine. Na huku kunong'onezwa ndiko kulikowapata wale watatu wa mwaka 1978: hukumu isiyo na hakimu.

Jibu la pingamizi la uhaba liko katika historia ya Mara yenyewe. Mwaka 1974 Tanzania ilikuwa maskini kuliko ilivyo sasa. Mtu mwenye busara ya mezani angesema, na wengi walisema, kwamba walimu hawapo, madarasa hayapo, tusubiri 1989. Taifa halikusubiri. Vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu wakiwa kazini, wanavijiji wakafyatua matofali, watoto wakasomea chini ya miti. Umaskini haukukubaliwa kuwa sababu ya kulifanya neno "wote" kuwa "baadhi". Basi haiwezekani hoja iliyokataliwa mwaka 1974 kwa ajili ya watoto wazima ikubaliwe leo kwa ajili ya watoto wenye ulemavu, isipokuwa kama inaaminika kwa siri kwamba hawa ni watoto pungufu. Uhaba haumchagui wa kuachwa. Watu ndio wanaomchagua, kisha wanausingizia uhaba.

Tena si kila dai ni ghali. Mtoto wa pili, mwenye ualbino, mara nyingi anahitaji kiti cha mbele, mbali na mwanga mkali wa dirisha, kofia ya kumkinga na jua, maandishi makubwa, na mwalimu anayesoma kwa sauti anachokiandika ubaoni. Badala yake wako watoto wa hali hiyo waliopelekwa katika shule za wasioona wakafundishwa kusoma kwa vidole, ilhali macho yao yangeweza kusoma herufi zilizokuzwa. Maandishi ya nukta aliyoyabuni Louis Braille mjini Paris mwaka 1824, akiwa kijana wa miaka 15, ni ukombozi kwa asiyeona. Kwa anayeona kidogo, kulazimishwa kuyatumia ni kuambiwa kwamba hakuna aliyepata nafasi ya kumtazama. Gharama iliyokosekana hapo haikuwa ya fedha. Ilikuwa ya uangalifu.

Hata hivyo Azimio la Musoma lina somo la pili, lililo chungu. Haraka ile ilishusha ubora, na watu wakaligeuza jina la mpango, lililofupishwa kwa Kiingereza kuwa UPE, wakalipa maana yao: Ualimu Pasipo Elimu. Mzaha huo ulikuwa na kweli ndani yake. Kumwingiza mtoto chumbani si kumfundisha. Mtoto wa tatu, asiyesikia, akiandikishwa katika darasa la watu 80 ambamo hakuna hata mmoja ajuaye lugha ya alama, ataonekana katika daftari la mahudhurio kila siku kwa miaka saba. Atayaona midomo inavyotikisika. Atanakili ubaoni maumbo mazuri ya herufi asizozijua maana. Takwimu zitamhesabu kuwa amejumuishwa, naye atakuwa mpweke kuliko alipokuwa nyumbani, ambako walau mama yake alikuwa na ishara mbili tatu za kumwambia njoo ule.

Kwa hiyo pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza, na hutolewa na wanaotetewa wenyewe. Viziwi wengi, huku kwetu na kwingineko, huona kwamba shule yao wenyewe, ambamo mikono ndiyo inayosema kutoka darasani mpaka bwenini, ndiyo mahali pa kwanza walipopata kuwa watu miongoni mwa watu. Historia inawaunga mkono. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, wakapiga kura kwamba lugha ya alama ifukuzwe madarasani na watoto wafundishwe kutamka kwa mdomo ili wafanane na wengine. Kati ya wajumbe 164 kiziwi alikuwa mmoja tu. Vizazi kadhaa vya watoto wa nchi nyingi vilikua vikifungwa mikono kwa jina la kuunganishwa na jamii. Ilikuwa mpaka mwaka 2010, katika mkutano wa Vancouver, Kanada, ndipo uamuzi ule ulipokanwa rasmi na majuto yakatamkwa. Waliokutana Milan hawakuwa watu wakatili. Walikuwa watu waliodhani kwamba kumfanya mwenzao afanane nao ndiko kumheshimu.

Sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 inaonyesha kuitambua hatari hiyo, kwani inataka mtoto mwenye ulemavu asome katika shule ya kawaida, isipokuwa pale ambapo mawasiliano maalumu yanahitajika. Kifungu hicho kinaweza kusomwa kwa namna mbili. Mvivu atakisoma kama tundu la kutokea: "Huyu ana mahitaji maalumu, na apelekwe mbali." Mwadilifu atakisoma kama wajibu ulioongezwa: mahali ambapo lugha ya mtoto haipo, ama iletwe alipo, ama apelekwe ilipo, lakini asiachwe bila lugha. Jambo hilo hilo linahusu kambi na mabweni yaliyowapokea watoto wenye ualbino wakati wa mauaji. Kuwatenga kuliwaokoa, na kwa siku ile kulikuwa haki. Lakini hifadhi iliyosahau kwamba ni ya muda hugeuka kuwa maficho mengine, makubwa kuliko chumba cha mama na yasiyo na mama ndani yake.

Ikiwa kutengwa si dhuluma daima na kuchanganywa si haki daima, kipimo ni kipi? Watoto watatu wa Mugeta wanakionyesha kwa kutofanana kwao. Wa kwanza anadai njia inayopitika, mlango usio na ngazi na choo anachoweza kukiingia bila kutambaa. Wa pili anadai kuonwa vizuri ili naye aone, na usalama wa njiani. Wa tatu anadai lugha. Hakuna dai moja linaloweza kulipwa kwa sarafu ya jingine. Lakini chini ya madai yote matatu liko dai moja: kwamba pawepo mtu mzima anayemkabili mtoto huyu, akijua ni nani na anahitaji kusemezwa vipi, na akiamini kwamba atajibu. Mtoto anayesemezwa yumo shuleni, awe katika shule ya kijiji au ya mbali. Asiyesemezwa hayumo, hata kama jina lake limeandikwa kwa wino mwekundu na kiti chake kiko mstari wa mbele.

Kipimo hicho ni kigumu kuliko takwimu, na hakimwachi mtu nje. Kinaigusa wizara, yenye mkakati wake wa elimu jumuishi uliopangwa kwa kipindi cha mwaka 2021/22 hadi 2025/26, na kuiuliza walimu wangapi wanaojua kusema kwa mikono wamefika vijijini. Kinaigusa kamati ya shule inayojenga choo, na kuiuliza mlango una upana gani. Kinamgusa mwenye kitongoji anayejua kila nyumba ina ng'ombe wangapi, na kumuuliza kama anajua pia kila nyumba ina watoto wangapi. Kinawagusa hata wanafunzi 79, ambao walidhaniwa wananyang'anywa dakika kumi. Katika dakika hizo hawakukaa bure. Waliona kwamba kasi ya darasa haipangwi na mwenye mbio peke yake. Somo hilo halimo katika mtihani wa darasa la saba, na huenda ndilo watakalolihitaji kwa muda mrefu zaidi.

Wahenga walisema: hujafa hujaumbika. Aghalabu methali hii hutumiwa kama onyo kwa anayemcheka kilema, kwamba asubiri, zamu yake yaja. Inaweza kusomwa kwa utulivu zaidi. Inasema kwamba umbo la mtu halijakamilika maadamu anaishi. Kwamba mzima wa leo alibebwa mgongoni jana na ataongozwa kwa mkono kesho. Kwamba hakuna makabila mawili ya binadamu, wazima huku na walemavu kule, wakipeana au kunyimana. Aliyeielewa hivyo hatauliza kwa nini wengi wajitaabishe kwa ajili ya mmoja. Atauliza huyo mmoja ametolewaje katika wengi.

Nusu karne na zaidi imepita tangu neno "wote" lisemwe Musoma. Madarasa yameongezeka, ada imeondolewa, sheria zimeandikwa, na watoto wengi wenye ulemavu ambao babu zao wasingeliona daftari leo wanaandika majina yao. Hayo ni maendeleo ya kweli. Lakini asubuhi, kengele inapogongwa na watoto wa Mugeta wanapokimbilia mstarini, mwalimu huita majina yaliyomo katika daftari. Kazi iliyobaki ni ya kuyaulizia yale ambayo hayakuandikwa, nyumba kwa nyumba, na kwa mguu ikibidi.